Muulize Sista: Dawa za moyo zikishaingia mwilini, nani anaangalia?

Mwezi huu barua nyingi zimekuwa za kitu kimoja, moyo kushindwa kufanya kazi yake, na ukizisoma unaona watu wameshaelezwa ugonjwa vizuri tu, kile hawajaelezwa ni dawa zikishaanza waangalie nini. Na hapo ndipo kazi yetu manesi iko. Daktari anaandika dawa, lakini zile wiki zinazofuata lazima kuna mtu anaangalia presha imeshuka hadi wapi, uzito umeenda wapi, damu inasema nini, na ukiwa nyumbani huyo mtu ni wewe ama yule mnaishi naye. Nimechagua zile zinazogusa wengi. Majina tumeficha.

Sista habari yako. Baba yangu ana miaka 54 na ametoka hospitali juzi juzi, walisema moyo umepanuka juu ya presha ya kitambo. Alipewa Lasix, spironolaktoni, enalaprili na karvediloli. Shida ni hiyo Lasix. Yeye anauza nguo Gikomba na akiimeza asubuhi anasema matatu ikikwama kwa jamu Jogoo Road anateseka na mkojo, sasa siku za kazi haimezi, anangoja Jumapili. Miguu imeanza kufura tena na usiku analalia mito mitatu. Nikimwambia ananijibu yeye ndio anajua mwili wake. Nifanye nini? – Binti wa mzee, Kayole

Binti, hiyo ya mito mitatu usiingoje kliniki ya mwezi ujao. Mtu akianza kulala ameinuka ndio apumue na miguu inafura, maji yamerudi, mpeleke kesho. Akianza kuhema hata akiwa amekaa tu, ama akohoe povu lenye rangi ya damu, hiyo ni kasualti usiku huo huo bila kungoja kukuche.

Sasa Lasix, ile dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Baba yako simlaumu hata kidogo, mzee na heshima zake hawezi kuomba dereva asimamishe gari katikati ya jamu, na wengi wanaoacha hii dawa Nairobi wanaiacha juu ya sababu hiyo hiyo na wakiulizwa kliniki wanasema wanameza. Lakini dawa ukiijua unaipanga. Lasix ya kumeza inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na nguvu yake inaisha baada ya kama saa sita. Kwa hivyo cha kuuliza ni ameze saa ngapi. Anaweza kuimeza akishafika sokoni na anajua choo kiko wapi, ama aimeze akirudi saa kumi jioni, kufikia saa nne usiku itakuwa imetulia. Kitu hatutaki ni aimeze saa tatu usiku, juu atakesha chooni, na mtu ambaye presha yake imeshushwa na dawa tatu akiamka mbio gizani anaanguka. Hii ya kubadilisha saa muiongee na nesi wa kliniki ndio iandikwe kwa kadi, isibaki siri ya nyumbani.

Kitu cha pili ni mizani, na hapa naomba unisikize sana. Kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi, mizani ile ile, aandike kwa daftari. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mizani inaona maji kabla macho hayajaona miguu. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hiyo si ugali, hayo ni maji, pigeni simu kliniki siku hiyo. Na uangalie upande ule mwingine pia: uzito ukishuka chini kabisa ya ule alitoka nao hospitali, mdomo umekauka, akisimama anaona giza, mkojo ni kidogo na mweusi, hapo Lasix imezidi ama ameharisha na bado anaimeza, na hiyo pia ni ya kupigiwa simu. Kama hamna mizani nyumbani, wale vijana wa mizani wanaokaa kando ya barabara wanasaidia, mradi aende kwa yule yule na saa ile ile.

Kabla sijasahau, ukikuta anadungwa diklofenaki ya mgongo kwa duka la dawa, ama anameza ibuprofeni juu ya magoti, hiyo inashikilia chumvi na maji mwilini na kuumiza figo, na inavunja kazi yote ya Lasix. Aseme ana ugonjwa wa moyo kila mahali anaponunua dawa ya maumivu.

Na kuhusu yeye kukataa kuambiwa na mtoto, mpe yeye mwenyewe daftari na kalamu. Mwanaume ambaye anaweka hesabu ya biashara kichwani anaweza kuweka hesabu ya uzito wake, na akiona kwa macho yake kwamba siku zile hamezi uzito unapanda, hautahitaji kubishana naye. Ujue pia si yeye peke yake wa umri huo. Utafiti wa THESUS-HF uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa shida hii katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwa ndani, ulikuta umri wa wastani ni miaka 52, na presha ndio ilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote. Hapa kwetu ugonjwa huu unashika watu ambao bado wanalipa karo.

Sista, mimi ni fundi wa kupaka rangi, Githurai. Nilianzishwa karvediloli na tangu siku hiyo nimechoka kuliko vile nilikuwa kabla ya dawa, nikiinama nikisimama dunia inazunguka. Shemeji yangu amesema hizo tembe ndio zinaniua polepole niziache. Nimebaki na za wiki moja. – Fundi

Kaka pole sana, lakini usiache. Hiyo dawa inazuia zile homoni ambazo zinausukuma moyo ukimbie hata kama umechoka, sasa mwanzoni ukitulizwa mwili unasikia uzito, uchovu, na kuna wale hata maji yanaongezeka kidogo. Ndio maana inaanzwa na dozi ndogo kabisa, miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, na inaongezwa taratibu, mara mbili ya ile iliyotangulia kila baada ya wiki 2 hivi kama mwili umekubali, hadi 25 mara mbili kwa siku kwa watu wengi. Faida yake inaonekana baada ya miezi, na ni faida ya kuishi zaidi. Ukiikata ghafla moyo unarudi kukimbia vibaya na mapigo yanaweza kuvurugika, kwa hivyo hizo za wiki moja usingoje ziishe ndio utafute zingine.

Imeze na chakula. Watu hawaambiwi hii na inasaidia sana, juu chakula kinafanya iingie damuni polepole na kizunguzungu kinapungua. Halafu nenda upimwe presha mara mbili, umekaa ama umelala dakika 5 kwanza, kisha umesimama, dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Wengi wetu tunapimwa tumekaa tu tunaambiwa iko sawa tunaenda nyumbani, na wewe shida yako iko kwa kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 ama zaidi ukisimama, kuna kitu cha kurekebisha, na mara nyingi kinachorekebishwa ni kupunguza dawa ya maji ama kutenganisha saa za dawa, karvediloli inabaki. Presha kuwa chini peke yake, tuseme 95 kwa 60 na mtu anatembea vizuri haoni giza, hiyo hainishtui na isiwe sababu ya mtu kunyimwa dawa inayomlinda.

Mapigo ujifunze kuhesabu kwa mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 na unasikia vibaya, ama umezimia, ama kifua kimeanza kupiga filimbi, nenda siku hiyo hiyo. Na tafadhali, kila wakati dozi inapoongezwa, siku hizo za kwanza usipande ngazi, paka kuta za chini umwachie mwenzako dari.

Naitwa nesi mwanafunzi, mwaka wa pili. Kwa wadi niliyo sista mkubwa alinikataza kupeana digoksini mpaka nihesabu mapigo dakika nzima na stethoskopu, na Lasix ya mshipa akanisimamia niidunge polepole. Lakini nikiwa shifti ya usiku naona wengine wanapeana tu wanaweka tiki wanaenda. Ni lazima kweli? – Mwanafunzi, Ngara

Mwanangu, huyo sista shikamana naye, anakufunza kazi.

Digoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu na kupunguza mbio zake, chimbuko lake ni mmea unaoitwa digitalis, na daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785, akaeleza inavyosaidia na pia vile inavyodhuru ikizidi. Hadi leo shida ni hiyo hiyo, dozi ya kusaidia na dozi ya sumu zimekaribiana mno. Kiwango tunachotaka kwa damu kwa mgonjwa wa moyo ni kati ya 0.5 na 0.9 nanogramu kwa mililita, na hiyo damu itolewe angalau saa 6 baada ya dozi, ukiitoa mapema itakudanganya iko juu.

Kwa nini dakika nzima na stethoskopu? Juu wengi wanaopewa digoksini mapigo yao hayana mpangilio, na kuna mapigo moyo unapiga lakini hayafiki kwa mkono, sasa ukihesabu mkononi sekunde 15 ukizidisha kwa 4 unaandika namba ambayo haipo. Mtu mzima akiwa chini ya 60, shikilia dozi, mwite daktari, andika umeshikilia na kwa nini. Kabla hata ya kuhesabu, fungua faili uone potasiamu na kreatinini, kipimo cha figo. Lasix inatoa potasiamu na mkojo, na potasiamu ikishuka digoksini inakuwa kali hata kama dozi ni ile ile ya jana. Figo zikilegea nayo digoksini inajazana, kwa sababu inatoka mwilini kupitia huko.

Kisha ongea na mgonjwa. Hapa ndipo nesi anaona kitu ambacho mashine haioni. Shosho aliyekuwa anamaliza uji akianza kuusukuma kando, anasikia kichefuchefu, anakuambia taa zina duara la manjano ama kila kitu kina rangi ya kijani, ama amechanganyikiwa anaita watu ambao hawako, usiandike tu hali chakula. Fikiria digoksini mpaka uthibitishe siyo.

Lasix ya mshipa inaanza kazi kwa kama dakika 5, ndio maana tunaipenda mgonjwa akiwa anazama kwa maji yake mwenyewe. Lakini dozi kubwa isizidi miligramu 4 kwa dakika, ukiisukuma mbio masikio yanavuma na mtu anaweza kupoteza kusikia. Ukishadunga kazi ndio imeanza. Saa ngapi umedunga, mkojo umetoka mililita ngapi saa ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Tunataka angalau 100 hadi 150 kwa saa. Haujafika hapo, daktari aambiwe usiku huo aongeze dozi, isingojwe raundi ya asubuhi, kwa sababu mgonjwa ambaye dawa haijamfanyia kitu na yule imemfanyia wanafanana kwa chati kama kuna tiki peke yake. Tiki inasema dawa imeingia, haisemi imefanya nini.

Najua usiku mnaweza kuwa wawili na wadi imejaa hadi wengine wanalala wawili kwa kitanda. Basi ukishindwa kufikia wote sawasawa, anza na wa digoksini, wale walioanzishwa Lasix ya mshipa leo, na yeyote ambaye dozi yake imebadilishwa leo. Hao ndio wanageuka kabla ya asubuhi.

Mimi nauliza mbona kila nikienda kliniki natumwa maabara nitolewe damu ya figo na potasiamu na moyo ndio mgonjwa. Hizo pesa si kidogo. – Mama Umoja

Mama, najua, na kama kuna kipimo ningekuambia uruke ningekuambia. Hiki hapana. Enalaprili inafanya mwili ubaki na potasiamu, spironolaktoni nayo hivyo hivyo, ukiziweka pamoja inaweza kupanda polepole bila kukuuma popote, na ikizidi sana moyo unasimama. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Ikipita 5.5 tunapunguza spironolaktoni nusu, ikipita 6.0 tunaisimamisha. Ukianzishwa spironolaktoni ama dozi ikiongezwa, damu iangaliwe baada ya wiki 1 na tena baada ya wiki 4, baadaye ikitulia ni kila miezi michache. Kwa hivyo uliza, je mimi niko kwa zile wiki za kwanza ama nimeshatulia? Kama umetulia na dawa hazijabadilika, mweleze daktari wazi kuhusu pesa, mara nyingine vipimo vinaweza kuachanishwa.

Alafu angalia pakiti ya chumvi jikoni. Ile chumvi inauzwa supamaketi imeandikwa ina sodiamu kidogo, mara nyingi wametoa sodiamu wakaweka potasiamu kloridi, na kwa mtu wa dawa zako hiyo ni hatari. Heri upunguze chumvi ya kawaida na utie dania, kitunguu saumu na limau.

Mume wangu anakohoa usiku hadi hatulali. Kuna mtu amesema ni enalaprili, mwingine anasema ni moyo. – Kawangware

Wote wawili wanaweza kuwa sawa, dada, na usibadilishe dawa kabla hujajua ni gani. Kikohozi cha enalaprili ni kikavu, kinawasha koo, kinakuja mchana na usiku, akilala ama akisimama ni kile kile. Kikohozi cha maji kinaanza akilala na kinapungua akikaa, na mara nyingi uzito umepanda. Kama ni kile kikavu, daktari atamtoa enalaprili ampe losartani, na kinaweza kuchukua wiki 1 hadi 4 kuisha, msikate tamaa siku ya tatu. Na kama bado hajapimwa TB na anakohoa wiki kadhaa, apimwe. Lakini midomo, ulimi ama uso ukifura ghafla kwa mtu wa enalaprili, asimeze nyingine tena, kimbieni kasualti, koo linaweza kuziba. Inatokea zaidi kwa sisi watu weusi, na inaweza kutokea hata mtu ameimeza muda mrefu bila shida.

Nina miaka 61, kifua changu kimeanza kuota matiti na kinauma nikigusa. Naona aibu kumwambia daktari msichana. – Asiyetaka jina, South B

Mzee wangu, kama uko kwa spironolaktoni ni hiyo, na daktari huyo ameiona mara nyingi. Katika utafiti wa RALES wa 1999 kama mwanaume 1 kati ya 10 waliopewa alipata hivyo, na utafiti huo huo ndio ulionyesha dawa inapunguza vifo kwa asilimia 30, kwa hivyo usiiache kimya kimya. Kuna mbadala unaitwa eplerenoni. Ukishindwa kusema kwa mdomo andika kwa karatasi umpe nesi wa mlangoni.

Nilibadilishwa vali ya moyo na niko kwa warfarini. Niliambiwa sukuma wiki nisiguse kabisa. Sista, Kibera bila sukuma nitakula nini? – Mama wa watoto wawili

Kula sukuma wiki yako mama. Sukuma, managu, terere na spinachi zina vitamini K ambayo inapunguza nguvu ya warfarini, dawa yako ya kuzuia damu isigande, lakini dozi yako inapangwa kulingana na vile unakula. Kinachovuruga ni wiki hii kila siku, wiki ijayo hakuna kabisa. Kula kiasi kile kile, na INR yako, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ipangwe hapo. Kile nakukataza ni kununua Flagyl ya tumbo ama Septrin bila kusema uko kwa warfarini, hizo zinapandisha INR haraka na unaweza kutokwa damu. Na ukikosa mwezi ama ukipanga mtoto mwingine, njoo mapema sana, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Asalam aleikum sista. Nimepewa dapagliflozini, kwa duka la dawa wakaniambia ni ya sukari, na mimi sina sukari. Nimeze? Na Ramadhani naweza kufunga? Niko pia kwa Lasix. – Mzee wa Eastleigh

Waaleikum salaam mzee. Meza. Ilianza kama dawa ya sukari, halafu utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019 ukaonyesha inasaidia moyo ulioshindwa hata kwa wasio na sukari, wengi wa wale wagonjwa hawakuwa nayo. Inatoa sukari na maji kidogo kwa mkojo, kwa hivyo huenda Lasix ikahitaji kupunguzwa. Ukisikia muwasho sehemu za siri ni fangasi, inatibika, useme tu. Ukiharisha, ukitapika ama ukishindwa kula, isimamishe upige simu, na kama una oparesheni iachwe angalau siku 3 kabla.

Kufunga ndio kunahitaji tuongee uso kwa uso. Kama ulilazwa karibuni, ama bado unahema ukipanda ngazi, ama dozi zako bado zinabadilishwa, mimi nitakuomba usifunge mwaka huu, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Kama umetulia, njoo kliniki kama wiki 6 kabla mwezi haujaanza, na dawa zako zote kwenye mfuko na daftari la uzito. Tutapanga zipi za daku na zipi za futari, tutaangalia figo, na tutakubaliana uzito ukishuka hadi wapi ama ukiona giza mara ngapi unafungua siku hiyo hiyo.